Washike au Wasishike? Mwongozo Kamili wa Kuandaa Maonyesho Shirikishi Kwenye Jengo Lililoachwa

Machi 2021, kwenye jengo la maduka jijini Seoul, Korea Kusini, vijana wawili walisimama mbele ya mchoro mkubwa uliojaa rangi za kurushwarushwa. Chini yake kulikuwa na makopo ya rangi na brashi. Wakaokota brashi, wakaongeza mistari yao michache, wakaenda zao. Mchoro ule ulikuwa wa JonOne, msanii wa Marekani, na thamani yake ilitajwa kuwa zaidi ya dola laki nne. Makopo na brashi ni vile alivyotumia mwenyewe mwaka 2016 alipochora mbele ya watu, na vilikuwa vimepangwa pale kama sehemu ya kazi. Polisi waliwapata wale vijana, wakawasikiliza, wakawaachia. Walidhani watu wamealikwa kuchora. Na mimi ningedhani hivyohivyo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia kuandaa maonyesho kwenye majengo yasiyotumika: magodauni, karakana zilizofungwa, nyumba za familia zilizobaki na popo. Nimeona vitu vikivunjwa, vikichorwa, vikiibwa, na kimoja kikiliwa na mbuzi. Mbuzi nimemsamehe. Kwa vingine vyote, nikirudi nyuma kutafuta chanzo, nakuta uharibifu tuliutengeneza sisi waandaaji wiki mbili kabla mgeni hajafika. Tuliandika bango baya, au hatukuandika kitu tukitegemea watu watajua.

Kwenye makumbusho watu hujua, kwa sababu jengo lenyewe linawaonya: sakafu inang'aa, kiyoyozi kinanguruma, mlinzi kavaa tai. Mtoto akiingia tu mama anamnong'oneza, "angalia kwa macho." Kwenye gofu mambo ni kinyume. Dirisha limeshavunjika, ukuta una majina ya wapenzi wa mwaka 1998, kona moja inanuka mkojo. Mgeni anaingia mikono ikiwa imelegea, maana jengo limeshamwambia hapa hakuna mwenyewe. Kazi yako yote, kuanzia sasa hadi siku ya kurudisha ufunguo, ni kumwambia mgeni huyo nini kina mwenyewe na nini ni chake.

Hatua ya 1: Andika kazi itakufaje

Kabla ya kutafuta jengo, kaa na msanii mjibu swali moja kwa kila kazi: mwisho wa maonyesho kitu hiki kitakuwa na hali gani? Majibu yote niliyowahi kupata yanaingia kwenye mafungu matatu.

Kuna kazi za kuisha. Felix Gonzalez-Torres, mwaka 1991, aliweka kona ya chumba rundo la peremende zilizofungwa kwenye karatasi za rangi. Uzito uliokusudiwa ni kilo 79 hivi, na mgeni anaruhusiwa kuchukua moja akaila. Rundo linapungua, wenye ukumbi wanaweza kuliongeza tena. Hapo kuchukua si wizi. Lakini angalia kilichofanya mambo yaende: tangu mwanzo kuna uzito unaojulikana na kuna anayejua nani ana haki ya kujaza.

Kuna kazi za kuchakaa, ambazo zitashikwa na kukanyagwa lakini zinatakiwa zibaki zenyewe. Hizi ndizo hatari kuliko zote, kwa sababu hakuna anayejua uchakavu unageuka lini kuwa uharibifu. Msanii lazima aseme kwa maneno ya kupimika: "nyuzi 30 zikikatika kati ya 200 tunafunga kazi", au "rangi ikitoka mpaka mbao ionekane, basi."

Na kuna kazi za kutoguswa. Hizi zina haki kamili ya kuwepo hata kwenye maonyesho shirikishi. Ila zisikae chumba kimoja na za kushikwa. Sheria hii niliilipia, nitaieleza mbele.

Andika jibu la kila kazi kwenye karatasi moja, msanii aweke sahihi. Tutairudia karatasi hiyo mara nyingi.

Hatua ya 2: Likague jengo kabla hujalipenda

Majengo matupu yana uzuri wa kulaghai. Mwanga unaopita kwenye bati lililotoboka saa kumi jioni umewahi kunifanya nisahau kwamba tundu lile lile litapitisha mvua ya masika. Nenda mara tatu: asubuhi, usiku ukiwa na tochi, na siku ya mvua. Nenda na fundi mwashi, usiende na wapenda sanaa peke yao.

Anza juu. Mabati ya saruji yenye mawimbi, ya rangi ya kijivu, ya zamani, yanaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Ukiyahisi, usitoboe, usifagie vipande vilivyoanguka, tafuta jengo lingine. Kinyesi cha popo kikikauka kinaweza kubeba fangasi wa kuingia mapafuni, hivyo kiloweshe kwa maji kwanza, vaa barakoa, ndipo ukikusanye. Kisha chini: misumari, vyuma, mashimo ya mitambo iliyong'olewa. Pepopunda haijali kama ulikanyaga msumari kwa ajili ya utamaduni.

Ghorofa za kale za mwambao zinataka hesabu ya peke yake. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazizidi mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe na Lamu ni virefu lakini vyembamba. Boriti ikiliwa na mchwa au kuoza pale inapoingia ukutani, kwa nje haionekani. Watu wanne waliobanana kwenye mita moja ya mraba ni karibu kilo 280. Nyumba iliyobeba familia ya watu wanane kwa miaka mia haijawahi kubeba umati wa siku ya ufunguzi, wote wakiwa wamesogea upande mmoja kupiga picha. Beit al-Ajaib, fahari ya Zanzibar tangu 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na watu wakafa. Ghorofani weka idadi, na mtu wa kuhesabu mlangoni. Kama fundi anasita hata kidogo, ghorofa ifungwe.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa usizipigilie misumari wala kuziziba kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani na lipu ya chokaa huanza kubanduka vipande vipande. Simamisha fremu za mbao zinazojitegemea, kazi zitundikwe huko.

Halafu jiulize miguu mingi italifanya nini jengo, na jengo litaifanya nini miguu. Oktoba 2010 msanii wa China, Ai Weiwei, alimwaga mbegu za alizeti zaidi ya milioni 100, zote za kauri, zilizochorwa kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen, kwenye ukumbi wa mitambo wa kilichokuwa kituo cha umeme cha Bankside, London. Kituo kilizimwa 1981, na tangu 2000 ni makumbusho ya Tate Modern. Watu walialikwa watembee juu ya mbegu, wakatembea kwa furaha, wakalala, wakajaza viganja. Baada ya siku chache tu ukumbi ule ukawekewa kamba, kwa sababu kauri ikisuguana chini ya maelfu ya viatu inatoa vumbi, na vumbi hilo si la kuvutwa kila siku na wafanyakazi. Kuanzia hapo watu walitazama kutoka pembeni kazi iliyokusudiwa kukanyagwa. Kama taasisi yenye wataalamu na fedha kiasi kile ilikwama hapo, wewe mwenye godauni na wasaidizi sita lipime jambo hili mapema: mwaga kidogo, kanyageni nusu saa, piteni na tochi muone kinachoelea hewani.

Hatua ya 3: Tafuta wenyewe wote wa jengo

Jengo tupu halikosi wenyewe. Lina mwenye hati. Lina mrithi anayebishana na mwenye hati. Lina mlinzi anayelala pale na anayelijua kuliko wote wawili. Lina mama anayepika chapati kwenye kibaraza, na vijana wanaocheza mpira ndani jua likiwa kali. Ukiwaruka hawa wa mwisho, maonyesho yako yatakuwa yamewafukuza kwao, na watakujibu usiku.

Msanii Candy Chang, aliyepaka rangi ya ubao kwenye ubavu wa nyumba iliyotelekezwa New Orleans mwaka 2011 na kuandika mara nyingi sentensi inayoanza "Kabla sijafa nataka…" ili wapita njia waimalizie kwa chaki, hakuamka asubuhi moja akapaka tu. Aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, kwa wakazi wa mtaa, na kwenye ofisi kadhaa za jiji. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa. Wazo lile limesambaa nchi nyingi, na nadhani sehemu kubwa ya siri yake ni chaki: mtu akiandika tusi, linafutika kwa kitambaa chenye maji.

Huko Detroit, Tyree Guyton alianza mwaka 1986 kugeuza nyumba na viwanja vilivyoachwa vya mtaa wa Heidelberg kuwa kazi za sanaa kwa midoli, viatu na nukta za rangi. Jiji lilibomoa sehemu ya kazi hiyo 1991, likarudi tena 1999, na kati ya 2013 na 2014 nyumba kadhaa zilichomwa moto na watu wasiojulikana. Kuna wakazi walioipenda na wengine walioiona takataka iliyoletewa mtaa uliokwisha kuchoka. Usijidanganye kwamba kila jirani atashukuru.

Kwa Tanzania anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, halafu afisa utamaduni wa halmashauri na Baraza la Sanaa la Taifa. Zanzibar kuna baraza lake, na ndani ya Mji Mkongwe kuna mamlaka ya hifadhi ambayo haitacheka ikikukuta umegusa ukuta bila ruhusa. Kwa Tanzania Bara, kama jengo lilijengwa kabla ya 1863, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalihusu hata kama limejaa magugu. Kenya utapita serikali ya kaunti, na kwa majengo ya urithi, Makumbusho ya Kitaifa.

Na mwenye jengo muandikiane. Tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, nani analipa umeme, na hasa: akipata mnunuzi katikati mnapewa siku ngapi. Mwenye jengo la 5Pointz huko Queens, New York, aliruhusu wasanii wapake kuta zake kwa miaka mingi. Novemba 2013 akazipaka rangi nyeupe usiku mmoja. Wasanii 21 walienda mahakamani, na mwaka 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.75 kwa michoro 45. Walipata kwa sababu Marekani ina sheria ya 1990 inayolinda sanaa ya aina hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 nazo zinampa msanii haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kukatwakatwa, lakini kwenda kuidai mahakamani kwa ajili ya ukuta wa godauni ni safari ndefu. Siku thelathini zilizoandikwa kwenye karatasi zitakusaidia mapema zaidi.

Hatua ya 4: Ukurasa wa uharibifu

Mikataba ya maonyesho huongelea mauzo na usafiri, halafu uharibifu unapewa sentensi moja ya kukwepa lawama. Wewe uupe ukurasa mzima. Ichukue ile karatasi ya hatua ya kwanza uongeze: nani anaruhusiwa kutengeneza kazi ikivunjika, msanii anapigiwa simu saa ngapi na kwa uharibifu wa kiwango gani, gharama anabeba nani, na kama msanii hapatikani nani anaamua kazi iondolewe. Thamani ya kila kazi iandikwe kwa shilingi hata kama hamna bima, na kwa magodauni mengi bima haitapatikana.

Hatua ya 5: Maneno ya ukutani

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo tunapoharibu zaidi.

Mwaka 2016 kwenye makumbusho moja ya Nuremberg, Ujerumani, bibi wa miaka tisini hivi alisimama mbele ya kazi ya Arthur Köpcke: chemshabongo ya maneno yaliyokatizana, yenye nafasi tupu na maandishi ya kusema jaza maneno. Akatoa kalamu mkobani, akajaza. Kazi ilikuwa na bima ya euro 80,000. Alipoulizwa alisema alichofanya ndicho kilichoandikwa. Hoja hiyo sijaona wa kuijibu.

Sasa yangu. Kwenye godauni moja lililokuwa la mazao tulikuwa na kazi mbili ndani ya chumba kimoja. Upande wa kushoto, vitambaa vya kanga vilivyoning'inizwa, na watu waliombwa wafunge fundo moja kwa kila jina la mtu waliyempoteza. Upande wa kulia, vyungu vya udongo vilivyokaushwa bila kuchomwa, vyembamba kama ganda la yai, vimepangwa sakafuni. Mlangoni tukaweka bango zuri: "Karibu ushiriki." Nililiandika mimi, nikaona nimesema.

Siku ya pili, saa tano asubuhi, kikundi cha wanafunzi kiliingia. Walifunga mafundo yao kwa utulivu uliotushangaza, kisha wakageuka kulia wakaendelea kushiriki. Vyungu sita. Nilipofika, msanii mwenyewe alikuwa ameshika ufagio wa chelewa.

"Dada, usifagie kwanza," nikamwambia.

"Kaka, niache. Wamefanya ulichowaandikia."

Akafagia. Vumbi la udongo likaingia kwenye nyufa za sakafu, na jioni hatukuwa na kipande cha kumwonyesha yeyote.

Tangu siku hiyo neno "ushiriki" halipandi ukutani. Bango la kazi linaanza na kitenzi kimoja cha kuamrisha, kinachosema mkono ufanye nini: *Funga fundo moja. Chukua moja. Andika kwa chaki. Kaa. Usishike.* Kisha mpaka: moja, au hapa tu, au dakika tano. Likae kwenye kimo cha macho ya mtoto wa miaka kumi, karibu na kitu chenyewe, wala si mlangoni. Herufi kubwa za kusomeka kwa hatua tatu. Kama eneo lina wageni wasiosoma Kiswahili au wasiosoma kabisa, chora mkono.

Vitu vinasema kwa sauti kuliko mabango. Kalamu iliyoachwa mezani ni mwaliko, brashi pia, na ngazi iliyosahauliwa na fundi umeme kijana atapanda tu. Kabla ya kufungua mlango pita chumba hadi chumba uondoe kila kitu chenye mpini ambacho hukukusudia kishikwe. Na kazi ya kutoguswa ipe chumba chake, au walau badili sakafu: ukitandika mkeka au kumwaga mchanga kuizunguka, mguu unasita wenyewe. Kwetu mtu akiona mkeka anafikiria viatu vyake. Utumie mstari huo watu waliokuja nao kutoka nyumbani.

Hatua ya 6: Fanya jaribio, tena kwa watoto

Msanii Robert Morris mwaka 1971 alijaza ukumbi wa Tate, London, vitu vya kupanda, kusukuma na kutelezea, vya mbao na chuma. Watu walichangamka kupita kiasi, mbao zikachanika, wengine wakaumia, na ukumbi ukafungwa kabla wiki haijaisha. Mwaka 2009 kazi ile ile ilijengwa upya ndani ya Tate Modern kwa vifaa imara zaidi. Wazo halikubadilika.

Wewe huna miaka 38 ya kusubiri. Wiki moja kabla, waite watoto kumi na wawili wa mtaani na wazee watatu, uwape soda, uwaache saa moja. Usiwaelekeze kitu, kaa pembeni na saa na daftari. Hesabu kila mkono unaogusa kila kazi, kisha piga hesabu: kama kamba ya katani imevutwa mara 60 kwa saa moja na watu kumi na watano, na unategemea wageni 300 kwa siku, kila mmoja akivuta mara nne hiyo ni mivuto 1,200 kwa siku, na zaidi ya 14,000 kwa siku kumi na mbili. Muulize fundi kama fundo litafika. Wazee watakuonyesha kingine: pasipo na taa ya kutosha, pasipo na pa kukaa, na bango lisiloeleweka.

Hatua ya 7: Watu wa zamu

Desemba 2021 huko Yekaterinburg, Urusi, mlinzi aliyekuwa kwenye siku yake ya kwanza kazini alichora macho kwa kalamu ya wino kwenye nyuso zisizo na macho za mchoro wa Anna Leporskaya. Mwaka 2011 huko Dortmund, Ujerumani, mfanya usafi alisugua doa kwenye beseni la kazi ya Martin Kippenberger mpaka likatakata. Doa lilikuwa sehemu ya kazi, na kazi ilikadiriwa euro 800,000. Wafanya usafi walikuwa wameagizwa wasisogee karibu ya sentimita 20, lakini beseni chafu ni beseni chafu.

Kwa hiyo wa kwanza kutembezwa kwenye maonyesho yako wawe mlinzi, mfanya usafi na fundi umeme, tena msanii mwenyewe ndiye awatembeze. Mfanya usafi apewe ramani ya sakafu iliyotiwa rangi: hapa fagia, hapa usifagie hata ukiona takataka. Wa zamu wabadilishane vyumba kila saa, na wawe na kiti. Na wasiwe watu wa kukaripia. Kijana wa kijiwe cha pale pale akimwambia mgeni "bro, hicho ni cha kuangalia, cha kushika kiko kule," anasikilizwa upesi kuliko mlinzi mwenye sare. Walipe. Kujitolea kunavumilika siku mbili.

Hatua ya 8: Daftari la kila siku

Piga picha kila kazi kabla ya kufungua, ukisimama mahali pamoja palipowekewa alama ya chaki sakafuni, na rula ikionekana pembeni. Jioni piga tena. Andika tarehe, saa, hali, na jina la aliyekagua. Dakika ishirini zinatosha kwa kazi kumi. Bila daftari hili, siku ya ugomvi kila mtu atakumbuka kivyake ufa ulianza lini.

Kuta za kuandikwa zisome kila asubuhi kabla ya wageni. Amueni mapema nini kinafutwa: sisi tunafuta majina kamili ya watu wanaotuhumiwa, namba za simu na matusi ya kabila. Mengine yanakaa, hata yanayotusema sisi.

Kisha kuna watakaokwangua ukuta wa jengo lenyewe kwa ufunguo, nje ya nafasi uliyowapa. Hilo ni jambo la kale. Kwenye lipu za magofu ya Gedi, Takwa na Kilwa kuna majahazi yaliyokwanguliwa na mikono tusiyoijua, na leo wataalamu wanayapiga picha kwa makini. Mkwanguaji wa mwaka huu usimtukuze mapema, lakini usikimbilie kupaka rangi juu yake pia. Liandike daftarini, mwonyeshe mwenye jengo, aamue yeye. Dawa iliyotufaa zaidi ni kuweka ubao wa plaiwudi wa mita mbili karibu na mlango wa kutokea, bila maelezo yoyote, na misumari mitatu iliyofungwa kwa kamba. Wenye hamu ya kukwangua wakakwangua huko.

Hatua ya 9: Saa ya kwanza baada ya kuvunjika

Angalia watu kwanza, kitu baadaye. Kuna aliyekatwa, aliyeangukiwa, mtoto anayelia? Kisha simamisha chumba, usifunge jengo zima. Ufagio uwe mbali. Piga picha kila kipande kilipoangukia, kisha viokote kwenye bahasha, kila bahasha na maandishi ya mahali ulipokiokota, na vumbi pia lina bahasha yake. Usijaribu gundi. Gundi ya haraka iliyopakwa kwa huruma imewaharibia mafundi wa kutengeneza vyombo kuliko mwanzo.

Aliyevunja muongee naye pembeni, na ukianza na "pole" atakwambia ukweli. Mwulize alidhani kitu kile ni cha kufanyiwa nini. Jibu lake liandike kama alivyolisema, ndilo bango lako jipya. Niliwauliza wale wanafunzi baada ya vyungu, na mmoja akanijibu, "Tulidhani kushoto ni kwa ajili ya waliokufa, kulia ni kwa ajili ya hasira." Nimesoma maelezo ya wasimamizi wa maonyesho yasiyofika hapo. Polisi waite kwa wizi, kwa moto, na kwa aliyekuja kuharibu kwa makusudi. Kwa aliyeelewa vibaya, usiwaite.

Msanii mpigie simu siku hiyohiyo, kabla hajaona picha kwenye kundi la WhatsApp. Soma naye ile karatasi ya hatua ya kwanza. Kuna njia tatu: kutengeneza, kuacha kama ilivyo na kibao kinachosema kilichotokea na tarehe, au kuondoa. Uamuzi ni wake. Dada wa vyungu alichagua kuacha nafasi sita tupu sakafuni, na duara la chaki kila kimoja kilipokuwa. Kesho yake watu walizizunguka duara zile bila kuambiwa.

Hatua ya 10: Kurudisha ufunguo

Acha siku tatu nzima za kufungasha, usiache moja. Kila kazi inatoka na picha yake ya mwisho na sahihi ya msanii kwamba ameipokea katika hali gani. Ukuta wa chaki upige picha mara ya mwisho, kisha uoshe au uache, kama mlivyokubaliana na mwenye jengo. Tembea naye ukiwa na picha za siku ya kuingia, ufa kwa ufa, asijesema baadaye mmemvunjia kilichovunjika tangu enzi za babu yake.

Halafu chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, uiburuze sakafu nzima, taratibu, hasa kwenye kona na chini ya madirisha. Sisi tulitoa misumari na pini kilo moja na robo kwenye chumba tulichodhani kimefagiliwa. Vijana wa mpira walikuwa wameshakaa kibarazani wanatusubiri tumalize, na wawili kati yao hawakuwa na viatu.